Kispika cha Kulia

Mkuu wa kituo cha polisi alihitaji dakika ishirini na kikombe kimoja cha chai kuamua kwamba mkalimani yule alikufa kwa ajali. Aliandika mistari minne. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili ameanguka kwenye ngazi za nyuma za ofisi yake, ghorofa ya tatu. Masikio yote mawili yalikuwa yamezibwa na vispika vidogo visivyo na waya, vile vya kuchomeka sikioni. Aliitwa, hakusikia. Shingo imevunjika. Chini ya hapo akagonga muhuri, na muhuri wenyewe akaugonga kichwa chini miguu juu.

Siki aliisoma taarifa hiyo Alhamisi asubuhi, siku mbili baada ya kifo. Jina hilo alipewa na wenzake wa upelelezi kwa sababu ya ulimi wake, na hakuwahi kulikataa. Alikwenda kusimama mbele ya meza ya mkuu wa kituo, karatasi mkononi.

"Nani alimwita?"

"Mkurugenzi wake. Mtu mzito yule, ana vyeti ukuta mzima. Alimwita mara tatu, dada wa watu hakusikia. Alikuwa anasikiliza kazi kutoka kwenye kompyuta yake."

"Kompyuta ilikuwa wapi?"

"Mezani kwake."

"Na yeye kwenye ngazi za nyuma. Ni hatua ngapi kutoka mezani hadi pale?"

Mkuu wa kituo alimtazama kama mtu aliyeulizwa uzito wa wingu.

"Hukupima," Siki alisema. "Mimi nitapima."

Alitia sahihi kwenye daftari la vielelezo, akachukua bahasha yenye vispika na kikasha chake cha kuchajia, akamwambia askari mmoja awashe gari.

Ofisi ile ya ukalimani ilikuwa juu ya duka la vioo. Mapokezi hapakuwa na mtu ila mwanamke mmoja aliyevaa nguo nyeusi, mkoba magotini. Alikuwa mdogo wake marehemu. Alikuja kuchukua vitu vya dada yake, akaambiwa asubiri. Alikuwa anasubiri tangu saa mbili, na sasa ilikuwa inakaribia saa nne.

"Nani kakwambia usubiri?" Siki aliuliza.

"Mkurugenzi. Anasema sanduku linaandaliwa."

"Sanduku haliandaliwi. Linajazwa."

Mkurugenzi alitoka ofisini kwake akitanguliwa na manukato. Alikuwa na suti ya kijivu na sauti ya kuhutubia, hata alipokuwa anamwelekeza mtu chooni. Nyuma yake, kupitia mlango ulioachwa wazi, vilionekana vyeti saba ndani ya fremu na bango lililosema kampuni inatafsiri lugha sita kwa uaminifu.

"Mama, nilidhani ninyi mmeshamaliza," alisema.

"Mkuu wangu amemaliza. Mimi naanza. Nataka kuunganisha vispika vya marehemu na kompyuta yake, kisha nitembee navyo hadi ngazini nione kama sauti inafika. Ulisema alikuwa anasikiliza."

Mkurugenzi alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayemhurumia mwenzake kwa kukosa shule. "Tekinolojia hiyo mama, itakusumbua. Nitakupa fundi wetu."

Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani ya jua kichwani, ndani ya jengo. Alipenda kuitwa Injinia, na hakuna aliyemwita hivyo. Aliifungua kompyuta ya marehemu kwa nywila ya ofisi, akavuta kiti.

"Hii ni blututhi tu," alisema. "Dakika moja."

Dakika moja ikawa arobaini. Siki alisimama nyuma yake na daftari, akaandika kila alichofanya, maana mtu anayejisifu hasemi baadaye alichojaribu, husema tu kwamba alijaribu kila kitu.

Kwanza fundi alitazama chaji. Ilikuwa imejaa, Siki mwenyewe alivichaji kituoni. Alifunua kikasha, vispika viwili vikiwa ndani. Taa ndogo ya mbele, ambayo ilipaswa kumulika nyeupe, ilimulika nyekundu. Kwenye kompyuta jina la vispika lilitokea, yakafuata maneno "inaunganisha", halafu yakaja "imeshindikana". Fundi alizima blututhi, akaiwasha. Akazima kompyuta yenyewe, akaiwasha. Alilifuta jina la vispika kwenye orodha ili kompyuta ivione kama vigeni. Alibonyeza kitufe cha nyuma ya kikasha akihesabu hadi kumi na tano, kwa sauti, kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Nyekundu.

"Huenda kompyuta ndiyo mbovu," Siki alisema.

"Haiwezekani. Kompyuta hii naitunza mimi."

"Thibitisha."

Fundi alitoa vispika vyake mwenyewe mfukoni. Viliungana na kompyuta kabla hajamaliza kupiga chafya.

"Haya. Sasa jaribu vya marehemu kwenye simu yako."

Alijaribu. Simu nayo ilivikataa.

"Kwa hiyo kompyuta ni nzima, na ubovu uko kwenye vispika," Siki alisema.

"Ubovu uko kwenye vispika," fundi alitangaza, kana kwamba yeye ndiye aliyegundua. "Vilianguka naye, afande. Vikaumia."

"Vilikutwa ndani ya masikio yake. Havina hata mkwaruzo."

Fundi alichukua pamba, akafuta ncha za kuchajia za vispika, akavipuliza, akavirudisha. Nyekundu. Akasukuma kikasha kando.

"Ukweli, afande, aina yenyewe ni takataka. Bosi alitugawia wafanyakazi wote tisa mwanzoni mwa mwaka, na hotuba juu yake ya saa nzima. Hata vya kwake vimegoma."

Kalamu ya Siki ilisimama.

"Vimegomaje?"

"Hivi hivi. Taa nyekundu, haviungi na kitu."

"Tangu lini?"

"Jumanne. Aliniita mchana kama saa saba, alikuwa na mkutano na wateja."

"Jumanne mwili uliondolewa ngazini saa ngapi?"

Fundi alivua miwani kichwani, akaishika tu. "Saa sita."

"Saa moja baada ya maiti kutoka mlangoni, mkurugenzi wako anakuita kwa sababu ya vispika."

"Alikuwa na mkutano," fundi alisema tena, kwa sauti ndogo zaidi.

"Nawe ukafanya nini?"

"Nilizima, nikawasha."

"Naam. Ulitazama namba?"

"Namba zipi?"

Siki alivaa glavu, akatoa lenzi kwenye begi, akavuta taa ya mezani karibu. Ndani ya mfuniko wa kikasha palikuwa na namba ya kiwandani, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Ilimalizikia na 417. Aligeuza kispika cha kushoto, akasoma shina lake. Lilimalizikia na 417. Aligeuza cha kulia, akasoma mara mbili, kisha akampa fundi lenzi.

"Soma wewe."

"Mia nane... themanini na mbili."

"Kispika cha seti moja ukikiweka kwenye kikasha cha seti nyingine, vinaungana?"

"Haviwezi. Kila kimoja kinamtafuta mwenzake. Asipomwona..." Fundi aliishia hapo.

"Malizia."

"Taa nyekundu."

"Dakika arobaini," Siki alisema. "Na pamba."

"Hakuna mtu anayetazama namba, afande."

"Ndiyo maana muuaji naye hakutazama. Mnafanana akili. Kompyuta hii inaweka kumbukumbu ya vitu ilivyounganishwa navyo?"

Fundi hakubisha tena. Alifungua orodha iliyofichwa ndani kabisa ya mipangilio. Vispika vyenye namba 417 viliungana na kompyuta ile Jumanne saa tatu na nusu asubuhi. Mawasiliano yalikatika saa nne na dakika kumi na mbili. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Katika maelezo yake polisi, mkurugenzi alisema marehemu alianguka saa nne na robo hivi.

Siki aliandika saa zote mbili, moja chini ya nyingine. Hadi dakika ya mwisho seti ilikuwa kamili. Kispika kigeni kiliingia sikioni baada ya hapo, na mtu aliyevunjika shingo habadilishi kispika.

Alikwenda mapokezi. Mdogo wake marehemu alikuwa bado pale pale.

"Mama, dada yako alikuwa akivaa vispika vyote viwili?"

"Hata siku moja. Cha kushoto tu. Sikio moja la kazi, alikuwa akisema, jingine la watu. Cha kulia kilikuwa kikikaa kwenye kikasha, na kikasha mezani. Kipya kabisa."

"Una uhakika?"

"Tumeishi nyumba moja miaka kumi na mmoja, tangu mume wangu afariki. Nilikuwa nikimwita kutoka jikoni naye yuko na kazi yake sebuleni. Anaitika mwito wa kwanza."

"Hilo uliwaambia polisi?"

"Polisi gani? Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza kitu."

Siki aliuma meno. Mkuu wa kituo alikuwa na muda wa chai, lakini hakuwa na muda wa swali moja.

"Njoo na mimi," alimwambia. "Sanduku litasubiri. Zamu yake sasa."

Alimwagiza askari apande juu asimame mlangoni. Kisha akaingia kwa mkurugenzi bila kubisha, mwanamke yule nyuma yake, na nyuma yao fundi, ambaye hakualikwa lakini hakuweza kubaki.

"Nasikia vispika vyako vinakusumbua," Siki alisema. "Mimi leo nimekuwa fundi. Nipe nivitazame."

"Vispika vyangu vinahusu nini?"

"Huenda havihusu. Nipe."

Mkurugenzi alivitoa kwenye droo, akavisukuma mezani kwa ncha ya kidole. Siki alifunua kikasha. Taa nyekundu. Alisoma kwa lenzi, na kila alichosoma alikisema kwa sauti ili fundi aandike. Kikasha, 882. Cha kushoto, 882. Cha kulia, 417.

Akaweka kikasha cha marehemu kando yake, akavibadilisha vile vya kulia, kila kimoja akakirudisha kwao. Akafunika vikasha vyote viwili, akahesabu hadi tatu, akafunua.

Taa mbili zilimulika nyeupe.

"Jaribu," alimwambia fundi. Fundi alikimbia na kikasha cha marehemu hadi meza ya marehemu, ng'ambo ya mlango. Kompyuta ililia mlio mfupi.

"Imeunga!" alipiga kelele. "Afande, imeunga!"

Mkurugenzi alikaa vizuri kwenye kiti. "Mama, vitu hivi vinafanana kama punje za mchele. Vilichanganyika. Ofisi ina watu tisa."

"Vilichanganyika lini?"

"Wiki iliyopita, kwenye kikao."

Fundi alikuwa amerudi mlangoni. "Lakini bosi," alisema, "Jumanne asubuhi ulikuwa unaongea navyo koridoni. Ulinifanyia mkono hivi nisikusumbue."

"Nyamaza wewe!"

"Mwache," Siki alisema. "Ndiyo kazi ya kwanza ya maana aliyoifanya leo. Na kompyuta inasema vya marehemu vilikuwa seti kamili hadi saa nne na dakika kumi na mbili. Sasa nisikilize. Ulimsukuma. Ukashuka kumtazama, ukakuta kispika kimoja tu, sikio la kushoto. La kulia liko wazi. Tayari ulikuwa umepanga kusema ulimwita hakusikia, na mtu mwenye sikio wazi anasikia. Vyako vilikuwa mfukoni. Ukachomoa cha kulia ukamtia. Halafu ukapanda juu, ukachukua chake kwenye kikasha mezani, ili wakihesabu wakute viwili. Wakahesabu, wakakuta viwili. Wenzangu kuhesabu hadi mbili wanaweza."

"Hadithi nzuri." Sauti ya kuhutubia ilikuwa imerudi. "Na kwa nini nimuue mkalimani wangu bora kuliko wote?"

Sababu Siki alikuwa bado hajaipata. Alikuwa na namba mbili zilizobadilishana, nyakati mbili na ushahidi wa mdogo mtu. Wakili yeyote angesimama akacheka.

"Afande," fundi alisema, safari hii polepole. "Kuna sauti kwenye kompyuta ya marehemu. Vispika vilipoungana imejiendeleza pale alipoishia kusikiliza. Jina la faili ni la mahakama."

"Itoe kwenye spika ya kompyuta. Ilete hapa."

"Hizo ni nyaraka za siri za wateja!" Mkurugenzi alisimama. Askari mlangoni naye alisogea hatua moja ndani, na mkurugenzi akakaa.

Kompyuta iliwekwa katikati ya meza. Ulisikika mwangwi wa chumba kikubwa, viti vikiburutwa, hakimu akiuliza mshtakiwa ana nini cha kusema. Akajibu mwanamume mmoja kijana, kwa lugha ambayo Siki hakuielewa hata neno. Aliongea haraka, akakatika, akaanza upya. Kisha ikaja sauti waliyoijua wote chumbani, nene, ya mtu mwenye vyeti:

"Mheshimiwa, anasema aliingia ghalani usiku akamjeruhi mlinzi. Anaomba mahakama imhurumie."

Mdogo wake marehemu alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Rudisha," alimwambia fundi.

Fundi alirudisha. Mwanamke yule alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, midomo ikicheza.

"Unaijua lugha hii?" Siki aliuliza.

"Ni ya mama yetu. Tumeinyonya." Alipangusa uso kwa kiganja. "Anasema: sikuwepo. Nilimpeleka mama hospitali, tukalala huko. Muulizeni muuguzi wa zamu, ana kovu kwenye kidevu. Anarudia hilo la muuguzi mara nne. Hakuna ghala. Hakuna mlinzi. Hata neno msamaha halimo."

"Tafsiri za kisheria zina ufundi wake," mkurugenzi alisema. "Mtu wa mtaani hawezi..."

Mwanamke yule alimgeukia, akamwambia jambo kwa lugha ile ile. Sentensi moja fupi, ya upole. Akasubiri.

Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa taratibu, akatabasamu lile tabasamu la mtu anayesubiri wengine wacheke kwanza.

"Umemwambia nini?" Siki aliuliza.

"Nimemuuliza mama yake anaitwa nani. Ndilo swali la kwanza mtoto anafundishwa kwetu." Hakuondoa macho kwa mkurugenzi. "Hajui. Hajui kitu huyu. Alikuwa anasimama mbele ya hakimu anatunga."

Fundi alikuwa amefungua folda ya marehemu. Mlikuwa na faili za namna hiyo kumi na moja, na kando ya kila moja ukurasa wa maandishi: alichosema mshtakiwa, dakika kwa dakika, na alichotafsiriwa. Ukurasa wa kumi na moja uliishia katikati ya sentensi. Juu kabisa palikuwa na barua kwa msajili wa mahakama, tarehe ya Jumanne, bado haijatumwa.

"Alikuonyesha," Siki alimwambia mkurugenzi. "Bila shaka alikuonyesha kwanza. Watu waaminifu wana kasoro hiyo. Alidhani utaona haya."

"Ilikuwa lugha moja tu," mkurugenzi alisema. Sauti ya kuhutubia ilikuwa imekwisha kabisa, akabaki na sauti nyembamba, ya mtu wa kawaida. "Zile tano nazijua. Ningekataa kazi ya mahakama, wangempa mwingine. Nilidhani, kwa jumla, watu wa namna ile... huwa wamefanya."

Siki alikuwa amekaa na wezi, wachinjaji, na mtu aliyemuuza ndugu yake. Huyu hakutaka hata kumfunga kwa mkono wake.

"Mfunge," alimwambia askari. "Mikono nyuma. Na apite ngazi zile zile."

Walipotoka, chumba kilibaki na harufu ya manukato. Fundi alifungua dirisha bila kuambiwa. Siki alianza kuweka vielelezo kwenye bahasha kimoja kimoja, akiandika namba na saa juu yake, mwandiko wake ukiwa mzuri kuliko kawaida. Alikuwa anamfikiria mkuu wa kituo na mistari yake minne. Alikuwa anapanga jinsi atakavyomsomea mbele ya kituo kizima, neno kwa neno, na muhuri ule uliopinduka.

"Huyu kijana yuko wapi sasa?" mdogo wake marehemu aliuliza.

"Kijana gani?"

"Huyu wa kwenye kompyuta. Aliyempeleka mama yake hospitali."

Siki alitazama tarehe ya faili. "Gerezani. Huu ni mwaka wa tatu."

"Na wale kumi?"

"Nao, nadhani."

"Unadhani." Mwanamke yule alikuwa ameshavuta kiti mbele ya kompyuta. Alikuwa amevua saa ya mkononi, ameiweka kando, kama mtu aliyejiandaa kwa kazi ndefu. "Dada yangu alibakiza nusu ukurasa. Nitaumaliza mimi, sasa hivi. Wewe mbona umekaa?"

Tangu asubuhi Siki alikuwa na neno la kumtupia kila aliyemkuta. Safari hii aliweka kalamu chini, akatoa simu, akampigia msajili wa mahakama. Sauti ya upande wa pili ilimwambia apige tena Jumatatu.

"Hapana," Siki alisema. "Usitoke. Nakuja."

Nyuma yake yule kijana alianza tena kusema, tangu mwanzo, na mwanamke mwenye nguo nyeusi akaandika.